Dondoo Muhimu: Kusimika RabbitMQ kwenye Seva ya Karatu

Akusudiaye kusimika RabbitMQ, programu ya kupanga ujumbe katika foleni, mjini Karatu, ili maombi ya wageni waelekeao lango la Lodoare la kuingilia Ngorongoro yasipotee umeme ukatikapo, yampasa kwanza ahakikishe kwamba toleo la Erlang, jukwaa liiendeshalo RabbitMQ, lalingana nayo, kisha azitangaze foleni kuwa za kudumu na kila ujumbe uandikwe diskini, kwani sharti moja pasipo la pili halifai kitu. Jina la seva lisibadilishwe tena, maana hifadhi ya data hulifuata, na foleni zitaonekana kana kwamba zimetoweka. Mtumiaji “guest” huruhusiwa ndani ya seva yenyewe tu. Wa mbali aundiwe akaunti yake, apitie mlango 5672. Watumaji wakizuiwa ghafla, soma logi: aghalabu nafasi ya diski imeshuka chini ya megabaiti 50, au memori imevuka kiwango.