Masafa, Mawimbi na Kivuli cha Mlima: Misingi ya Redio katika Taita Taveta

Mwanafunzi wa fonetiki anafahamu kwamba sauti ya binadamu huanzia katika mitetemo ya nyuzi sauti, kisha ikasafirishwa na hewa hadi sikioni. Maarifa hayo ni mlango mzuri wa kuingilia elimu ya redio, ila mlango wenyewe una kizingiti: wimbi la redio halihitaji hewa. Ni mtetemo wa nguvu za umeme na sumaku upitao hata mahali patupu, kwa kasi ya takriban kilomita 300,000 kwa sekunde. James Clerk Maxwell alilibashiri kwa hesabu katika miaka ya 1860, Heinrich Hertz akalithibitisha maabarani mwishoni mwa miaka ya 1880, naye Guglielmo Marconi akalitumia kupelekea habari. Kwa hivyo istilahi kongwe ya simu ya upepo, ijapokuwa tamu, inapotosha. Upepo haubebi chochote.

Istilahi ya masafa ina utata mkubwa zaidi. Katika mazungumzo ya kawaida masafa ni umbali. Mtangazaji huitumia kwa idadi ya mitetemo katika sekunde moja. Na tusemapo masafa mafupi, kinachopimwa ni urefu wa wimbi. Kasi ikigawanywa kwa idadi ya mitetemo, urefu huo hupatikana. Kituo cha FM cha megahezi 100 kina wimbi la mita 3. Kituo cha masafa ya kati cha kilohezi 1,000 kina wimbi la mita 300. Cha masafa mafupi, kwa megahezi 6, kina wimbi la mita 50, na hili ndilo lisafirilo mbali kuliko yote, kwa kuwa hurudishwa ardhini na tabaka la juu la angahewa na kuvuka mabara. Ufupi basi ni wa wimbi, si wa safari. (Tena wimbi la FM ni fupi kuliko hilo liitwalo fupi, jina lilibandikwa kabla ya FM kuenea.)

Tofauti hizi huonekana bayana Taita Taveta. Mji wa Voi uko takriban mita 600 juu ya usawa wa bahari, ilhali kilele cha Vuria katika milima ya Taita kinapita mita 2,200. Milingoti ya mawasiliano imesimikwa huko juu kwa sababu wimbi la FM husafiri karibu kama mwanga: huhitaji njia iliyo wazi. Kwa tofauti hiyo ya mita 1,600, hesabu huonyesha kwamba wimbi lingeweza kufika kilomita 160 hivi juu ya ardhi tambarare kabla ya mviringo wa dunia kulizuia.

Lakini mlima uinuao mlingoti ndio pia utiao kivuli. Wimbi la mita 300 hujipinda na kuuzunguka mgongo wa mlima. La mita 3 hujipinda kidogo tu. La simu ya mkononi ya megahezi 900, lenye sentimita 33, hata kidogo zaidi. Makorongo ya Dawida, au upande wa pili wa Sagalla na Kasigau, yaweza kukosa mawasiliano ingawa mlingoti hauko mbali. Kwa mkulima aliyevamiwa na ndovu usiku, kivuli hicho si nadharia.

Ndovu wenyewe wamo katika somo hili. Mapema katika miaka ya 1970 watafiti wa Tsavo waliwafunga baadhi yao kola zenye redio, wakafuata milio yake kwa ndege, kwani angani hakuna kilima cha kuizuia. Mwezi Machi 2016, baada ya reli mpya kukata mbuga hiyo, ndovu kumi walivishwa kola za aina nyingine, zinazotumia setilaiti. Hapa ndipo wengi hukosea wakisema kwamba setilaiti humwona ndovu. Setilaiti hutangaza saa na mahali ilipo, basi. Kola husikiliza setilaiti zisizopungua nne, hupima muda ambao kila wimbi limetumia njiani, na kutokana na muda huo hukokotoa mahali ilipo. Kisha huhitaji redio ya pili ili kuipeleka habari hiyo kwa wanaoingojea.