SOMO: KUTOKA MAWE HADI UJIRANI

Ndugu viongozi, ndugu zetu mliohamishwa na vita,

Mara nyingi tunazungumza juu ya amani kati ya makabila. Leo tunagusa jambo ambalo wengi hulikwepa: wanaume wawili au wanawake wawili wanaopendana na kuonekana wazi kwamba wanaishi pamoja. Tunajua kwamba jambo hili linaumiza mioyo ya wengi, na hatumwombi mtu aache imani yake. Tunauliza: jamii inatokaje katika matusi na mawe, ikafika kukubaliana?

1. Mfano wa Afrika Kusini

Tumechagua nchi hii kwa sababu ni ya Afrika, na Wakongo wengi wamekimbilia huko.

Mwaka 1984 kijana wa Soweto, Simon Nkoli, alikamatwa kwa kupinga ubaguzi wa rangi. Alishtakiwa kwa uhaini pamoja na wenzake 21 katika kesi ya Delmas. Adhabu yake ingeweza kuwa kifo. Akiwa gerezani aliwaambia wenzake kwamba yeye hupenda wanaume. Mabishano yakawa makali. Wengine waliogopa kwamba ataharibu kesi yao, wakataka ahukumiwe peke yake. Waliendelea kuzungumza, wakala pamoja, wakateseka pamoja, na mwishowe wakasimama naye. Mwaka 1988 mahakama ilimwona hana hatia.

Mmoja wa wenzake, Mosiuoa Lekota, aliyekuwa baadaye kiongozi mkubwa serikalini, alieleza kwamba wasingeweza kuwabagua watu kama Simon, waliobeba nao mzigo wa mapambano.

Tarehe 13 Oktoba 1990 Nkoli na wenzake waliandamana mjini Johannesburg. Baadhi walifunika vichwa kwa mifuko ya karatasi, wakiogopa kutambuliwa na jamaa au na wakubwa wa kazi. Katiba ya 1996 ilikataza kumbagua mtu kwa sababu ya anayempenda. Nkoli alifariki tarehe 30 Novemba 1998. Miaka minane baadaye, siku ileile, sheria ya kuruhusu ndoa hizo ilianza kutumika, ya kwanza Afrika.

2. Tunajifunza nini?

Kwanza, mioyo ilibadilika kwa kumjua mtu. Wale wafungwa walimwona Simon kila siku: uaminifu wake, woga wake, ujasiri wake. Ni vigumu kumchukia mtu uliyegawana naye sahani.

Pili, aliyeonja ubaguzi anaweza kuutambua unapompata mwingine. Sisi tuliofukuzwa kwa sababu ya kabila tunajua maana ya kuhukumiwa kabla ya kusikilizwa.

Tatu, sheria peke yake haitoshi. Aprili 2008, huko KwaThema, Eudy Simelane, aliyewahi kuchezea timu ya taifa ya mpira ya wanawake, aliuawa kikatili. Alikuwa haficha kwamba hupenda wanawake. Katiba ilikuwapo, lakini usiku ule haikumkinga. Kinachomlinda mtu usiku ni jirani anayetoka nje anaposikia kelele.

3. Hapa kwetu

Katiba yetu ya 2006, kifungu cha 40, inasema ndoa ni ya watu wa jinsia tofauti. Lakini kifungu cha 16 kinasema mtu ni mtakatifu, na kila mtu ana haki ya kuishi bila kuumizwa mwili. Kifungu hicho hakimtengi yeyote.

Katika kambi jambo hili ni zito zaidi. Mtu akifukuzwa kijijini, huenda kwa mjomba. Akifukuzwa hemani, ataenda wapi? Shamba hana, ukoo umetawanyika, na barabarani kuna wenye silaha.

Kwa hiyo tunawaomba viongozi:
- msitaje jina la mtu mbele ya watu kwa uvumi;
- msimfute mtu kwenye orodha ya chakula kwa sababu hiyo;
- zuieni kundi mapema, kabla jiwe la kwanza halijarushwa;
- wasaidieni wazazi waketi na mtoto wao, wasikilizane, kabla ya kumfukuza.

Kukubaliana kunaanzia hapo: kumwacha jirani apite salama, kisha kumsalimu, kisha kumjua.

Maswali ya kuzungumza katika vikundi

1. Kwa nini wenzake Simon hawakumtupa, ingawa waliogopa?
2. Mtoto wako akikuambia jambo kama hili leo, neno lako la kwanza litakuwa lipi?
3. Katika kambi yetu, nani ana uwezo wa kutuliza kundi lenye hasira? Tumwombe nini?