Daftari Moja, Lugha Tatu: Maandalizi ya Mtihani wa Kiswahili Katika Soko la Sondu

Utangulizi

Kila matokeo ya KCSE yanapotangazwa, mjadala wa Kiswahili huzuka upya katika vikao vyetu vya chama. Wapo wanaoilaumu Sheng, wapo wanaowalaumu walimu, na wapo wanaosema kuwa vitabu vya miongozo vimeua usomaji. Ni nadra kumsikia mwanachama akiuliza watahiniwa wenyewe hufanyiana nini wanapobaki peke yao, bila mwalimu na bila kengele. Makala hii inakusudia kulitazama swali hilo kupitia kikundi kimoja cha watahiniwa wanne ambao mwandishi alikaa nao wakati wa likizo ya Agosti mwaka 2024 mjini Sondu. Si utafiti wa takwimu. Watu wanne hawawezi kubeba takwimu. Ni maelezo ya mbinu, pamoja na sababu za kiisimu zinazozifanya mbinu hizo zifanye kazi, na pale zinaposhindwa.

Msomaji asiyeifahamu Sondu yafaa aelezwe kidogo. Ni mji wa soko ulio kwenye barabara itokayo Ahero kuelekea Oyugis na Kisii, mahali ambapo Nyakach ya Kaunti ya Kisumu inapakana na Kaunti ya Kericho. Mto unaopita hapo hutoka katika msitu wa Mau na kumwaga maji yake katika Ziwa Viktoria. Ndio huohuo unaoendesha mitambo ya umeme ya Sondu-Miriu yenye uwezo wa megawati 60. Sokoni hukutana Wajaluo, Wakipsigis na Wakisii: huyu na samaki na mtama, yule na ng'ombe na maziwa, mwingine na ndizi. Hukutana kwa biashara, na kuna nyakati wamekutana kwa mishale. Ghasia za mwanzoni mwa miaka ya 1990 na zile za mwaka 2023 zilimwaga damu katika mpaka huu. Watahiniwa ninaowazungumzia walikuwa kidato cha tatu mwaka huo wa 2023. Wawili walikuwa wenyeji wa upande mmoja wa mpaka, mmoja wa upande wa pili, na wa nne alikuwa binti wa muuza ndizi Mkisii. Walisoma shule tofauti. Kilichowakutanisha kilikuwa kibaraza cha duka la mshonaji ambaye hakuwatoza chochote, mradi tu wamwachie nafasi ya kupitisha wateja.

Kosa la jirani ni rahisi kulisikia

Nianze na imla, kwa kuwa hapo ndipo nilipojifunza zaidi kuliko wao. Katika karatasi ya pili, yenye ufahamu, ufupisho, matumizi ya lugha na isimujamii, kosa la hijai humpunguzia mtahiniwa nusu alama. Nusu alama ni kitu kidogo hadi zinapokusanyika. Tatizo la makosa haya ni kwamba mwenye nayo hayaoni. Anaandika anavyotamka, na anatamka alivyozoea kusikia tangu utotoni.

Tuzitazame lugha tatu za kibaraza kile. Dholuo haina sauti /sh/, /z/ wala /v/, na kwa hiyo Mjaluo asiye mwangalifu huweza kuandika "saba" akikusudia "shaba", au "fua" akikusudia "vua". Kipsigis haitofautishi maana kwa kutumia /p/ na /b/, /t/ na /d/, wala /k/ na /g/. Msemaji wake anaweza kulisikia neno "goma" na "koma" kama neno moja. Ekegusii nayo haina /l/ iliyo tofauti na /r/, na hapo ndipo "mahali" hugeuka "mahari" na "kula" ikawa "kura". (Hili la mwisho, mwaka wa uchaguzi, si kosa sana.)

Sasa msomaji atazame jambo hili kwa makini. Mjaluo anazo /l/ na /r/ zote mbili, na anatofautisha /p/ na /b/ bila shida. Mkipsigis naye anazo /l/ na /r/. Kwa maneno mengine, kosa la kila mmoja lilikuwa na shahidi katika kundi. Katika shule ya kijijini ambamo darasa zima hutoka katika lugha moja, mwanafunzi akisoma "fisuri" badala ya "vizuri" hakuna anayegutuka, kwa sababu wote wangesoma vivyo hivyo. Sondu hawezi kupita bila kukamatwa.

Kikundi kiliunda zoezi kutokana na hali hii, na sikumbuki kuliona katika kitabu chochote. Kila mmoja alitunga sentensi ya kumtega mwenzake. Mkipsigis alitegewa "Bibi aligoma kupanda pikipiki, babu akakoma kumbembeleza". Mjaluo alitegewa "Wavuvi waliovua usiku walifua mashuka ya buluu asubuhi". Mkisii alitegewa "Mahali pa kulia chakula si mahali pa kulilia mahari". Kanuni ilikuwa moja: sentensi isomwe na mtu ambaye sauti hizo si shida kwake. Baada ya hapo zoezi liligeuzwa. Mwenye tatizo alisoma, wenzake wakaandika hasa walichosikia, si walichodhani alikusudia. Siku ya kwanza kijana mmoja alisoma ukurasa mzima, kisha akaonyeshwa daftari.

"Nilisema hivi kweli?" aliuliza.

"Ndugu yangu, tumeandika ulivyotupa," akajibiwa.

Alicheka, lakini jioni ile nilimkuta akijisomea kwa sauti peke yake nyuma ya duka.

Jambo la kutahadhari: si kila Mjaluo au kila Mkisii huteleza namna hii. Mtoto aliyezaliwa Sondu mjini huongea Kiswahili tangu anapoanza kutumwa chumvi, na mara nyingi hana hata moja ya kasoro nilizozitaja. Tofauti ninazozieleza ni za mifumo ya lugha. Hazifai kuwa kigezo cha kumcheka mtu.

Ngeli, na siku ya kiboko

Katika sarufi, mizani ilibadilika. Ekegusii ni lugha ya Kibantu: husema *omonto* na *abanto*, *omote* na *emete*, hivyo mtu na watu, mti na miti havikumpa binti yule taabu yoyote. Dholuo husema *dhano* kwa mtu na *ji* kwa watu. Kipsigis husema *chito* na *bik*. Hakuna kiambishi cha kushika mkononi. Vijana hawa walikuwa wamekariri ngeli kama mtu anavyokariri majina ya wafalme wasiomhusu. Binti aliwaeleza kwa njia iliyonishangaza kwa wepesi wake: nomino ni mwenye nyumba, na kila neno linaloingia katika sentensi yake lazima livae sare ya nyumba hiyo. Nimesomea nadharia za sarufi kwa miaka kadhaa na sijapata maelezo ya upatanisho yanayomfaa mtoto wa kidato kuliko hayo.

Lakini ujuzi wa lugha jirani nao una mitego. Ekegusii ina *enyomba* na *chinyomba*. Kiswahili kina nyumba na nyumba. Binti alikuwa akitafuta kiambishi cha wingi mahali ambapo hakipo. Kisha ikaja siku ya kiboko. Swali liliwataka watumie neno hilo katika sentensi mbili kuonyesha maana tofauti. Binti aliamua kwa kutazama mwanzo wa neno, na wote wanne wakaandika "kiboko hiki kilitoka mtoni" na "kiboko hiki kilimchapa mwizi". Walikubaliana kwa furaha kubwa. Sentensi ya pili ni sahihi. Ya kwanza si sahihi, kwa kuwa mnyama huyo huchukua upatanisho wa A-WA: kiboko huyu alitoka mtoni. Nilikuwa nimeketi pale na nilinyamaza kwa makusudi ili nione kama kosa lingegunduliwa. Halikugunduliwa siku ile, wala siku iliyofuata.

Hapa ndipo penye udhaifu wa kusoma kwa makundi, na wanaousifu bila masharti hawalitaji. Mwanasaikolojia Mrusi Lev Vygotsky, aliyefariki mwaka 1934, alieleza kuwa mtoto hufanya kwa msaada wa mwenzake mwenye uwezo zaidi kile asichoweza kukifanya peke yake. Sharti limo katika maneno "mwenye uwezo zaidi". Wanne wasiojua wakikubaliana huwa hawajajua; wamepata tu ujasiri. Baada ya tukio lile waliweka desturi ya kuandika ukurasa wa mwisho wa daftari kila jambo walilokubaliana haraka bila ubishi, ili mmoja wao alipeleke kwa mwalimu au alitafute katika kamusi. Kwao, makubaliano ya haraka yakawa ndiyo dalili ya hatari.

Riwaya iliyowatazama

Karatasi ya tatu ni ya fasihi, alama 80, maswali manne ya alama 20 kila moja. Swali la dondoo huanza kwa kumtaka mtahiniwa aeleze muktadha kwa alama nne: msemaji, msemewa, mahali na sababu ya kusema. Nao walikuwa wanne. Mmoja alisoma dondoo, kila mtu akajibu kipengele kimoja kwa zamu, na aliyeshindwa alifungua kitabu na kusoma ukurasa mzima kwa sauti, si mstari ule tu. Adhabu hiyo iliwafanya wasome riwaya mara mbili bila kujua.

Riwaya yenyewe ilikuwa *Nguu za Jadi* ya Clara Momanyi. Humo Waketwa na Wakule wanaishi nchi moja ya Matuo chini ya Mtemi Lesulia, na ukabila unatumiwa kama ngazi ya kupandia na rungu la kupigia. Swali la kujadili maudhui ya ukabila ni la kawaida kabisa, na kila mwongozo una hoja zake zilizopangwa tayari. Walipolifikia, mazungumzo yalikwama. Mshonaji alizima cherehani. Kijana mmoja alisoma hoja tano kutoka katika mwongozo kwa kasi, kama anayekimbia mvua. Binti akamuuliza: "Na ushahidi?" Katika mtihani hoja isiyo na tukio la kitabuni haifiki mbali, basi swali lake lilikuwa la kawaida. Lakini kijana alijibu kwa kueleza jambo lililotokea nyumbani kwao mwaka uliotangulia, usiku walipokimbia na godoro moja. Mwenzake wa upande wa pili naye akaeleza usiku wao. Ulikuwa usiku uleule.

Sitayaandika hapa waliyosimulia, si yangu. Ninachoweza kusema kama mwanafunzi wa fasihi ni kwamba walipokirudia kitabu, hoja zao zilikuwa zimebadilika. Awali waliandika "ukabila husababisha vita". Sasa waliuliza ni nani katika Matuo anayefaidika watu wanapochukiana, na kwa nini wanyonge wa pande zote mbili hupoteza nyumba. Hiyo ni hoja yenye mtendaji, kusudi na matokeo, na ndiyo inayotofautisha jibu lililosomwa na jibu lililokaririwa.

Kwa upande wa isimujamii walifanya jambo dogo ambalo ningependa walimu waliige. Walitembea sokoni saa moja, wakisikiliza sajili ya biashara: udunishaji wa bidhaa, sifa zilizotiwa chumvi, kuchanganya ndimi kulingana na sura ya mteja. Walikwenda bila daftari. Mara ya kwanza walikuwa na daftari, na wachuuzi waliwadhania watoza ushuru wa kaunti wakaanza kufunika mizigo.

Kusaidiana kwa namna nyingine

Neno "kusaidiana" lina sifa mbaya katika mitihani yetu, na haifai kulikwepa. Kwa miaka mingi lilimaanisha karatasi zinazonunuliwa usiku. Mwaka 2016, mwandishi alipofanya KCSE, udhibiti ulikazwa, na waliopata alama ya A nchini kote walikuwa 141. Niliwahi kuona wanafunzi wakichanga pesa kununua karatasi bandia, wakakesha wakikariri majibu ya maswali ambayo hayakuja. Walisaidiana sana usiku ule. Hakuna hata mmoja aliyefungua kitabu. Nikilinganisha na kibaraza cha mshonaji, naona tofauti iko katika kile kinachopewa mwenzako: jibu, au kosa lake mwenyewe alione.

Wazee wa sehemu hizi walikuwa na utaratibu wa kulimiana kwa zamu, ambao Wajaluo huuita *saga* na Wakisii *risaga*. Aliyelimiwa leo alijua shamba la nani litafuata. Watahiniwa wetu hawakuyataja maneno hayo hata mara moja, lakini zamu zao zilikuwa na ukali uleule: aliyekosa kuja bila sababu alitungiwa sentensi mbili za kutegwa.

Muhula wa tatu ulipoanza walitawanyika, kila mmoja shuleni kwake. Daftari lilibaki kwa mshonaji, na wale wawili waliosoma shule za kutwa walipita jioni kuandika swali au kujibu la mwenzake. Nilipolifungua mara ya mwisho, kabla ya karatasi ya kwanza mwezi wa Novemba, ukurasa wa nyuma ulikuwa na orodha ya mambo yaliyokubaliwa haraka. Yote yalikuwa yamekatwa kwa wino mwekundu isipokuwa moja, lililoandikwa kwa mwandiko wa binti: "Kifaru cha vita ni KI-VI au A-WA? Tusikubaliane. Ulizeni."