BMW Ukiwa Bukoba: Ununue?

Swali: Naishi Nshambya. Nimeona BMW X3 ya 2010 iliyotumika Japani, bei inakaribiana na RAV4. Mafundi wa hapa wananikataza. Wana haki?

Jibu: Wana haki, ingawa gari lenyewe si bovu. Shida ni umri. Mfumo wa kupoza injini wa BMW za miaka ile una sehemu nyingi za plastiki: thamostati, tangi la maji, viungio vya mipira. Joto la miaka 15 huikausha plastiki ikapasuka ghafla. Dereva asipozima injini mara moja, silinda hedi inaweza kupinda, na hapo bili inaweza kukaribia nusu ya thamani ya gari.

Spea ya RAV4 utaipata mjini Bukoba siku hiyohiyo. Ya BMW huenda ukaagiza Kariakoo au Kampala, na gari likalala gereji wiki nzima. Halafu fundi asiye na mashine ya kusoma kompyuta ya BMW atabahatisha, nawe utalipia kubadilisha vipuri ambavyo havikuwa vimeharibika.

Ukiipenda mno, ikaguliwe kwa kompyuta kabla hujalipa, na utenge fedha za kubadilisha mfumo wote wa kupoza. Kama gari ndilo la kazi ya kila siku, chukua RAV4.