Fedha za Reli: Ni Nani Alipaye?

Mtu anunuapo tiketi ya gari la moshi, au mfanya biashara alipapo ada ya kupeleka magunia yake ya mahindi, huenda akadhani kwamba fedha zile huingia katika Hazina ya Serikali pamoja na kodi. Sivyo. Reli ni mali ya Serikali, lakini ina mfuko wake wenyewe. Shirika la namna hii huitwa shirika la umma: wenye mali ni wananchi wote, Serikali ikiwa mlinzi wao, na wanaoliendesha ni wakuu na makarani wenye hesabu zao mbali na hesabu za Serikali. Ni vema kulifahamu jambo hili, kwa kuwa mfuko huo ukipungukiwa, aujazaye ni mlipa kodi, hata yule ambaye hajapanda gari la moshi tangu azaliwe.

Reli ya kutoka Mombasa ilianza kujengwa mwaka 1896, ikafika Nairobi mwaka 1899, na Kisumu ziwani mwaka 1901. Fedha za kuijenga, yapata pauni milioni 5 na nusu, zilitolewa na Bunge la Uingereza. Hapo kwanza hesabu zake hazikutengwa. Kilichobaki baada ya matumizi kiliingia katika mapato ya Serikali iliyokuwa Nairobi. Watu wa Uganda walinung'unika, na walikuwa na haki. Pamba yao ilipita juu ya reli ile na kulipa ada, lakini faida ikatumiwa Kenya. Katika miaka ya 1920 ndipo mfuko wa Reli na Bandari ulipotengwa na Hazina, ili fedha za usafiri zitumike kwa usafiri.

Je, mfuko huo hutumiwaje? Tumfikirie mtu mwenye mashine ya kusaga posho. Kila jioni huhesabu senti alizopokea. Kwanza hulipa mafuta na mshahara wa kijana wake. Kisha, kama alikopa fedha za kununulia mashine, hulipa deni pamoja na riba. Zilizobaki huonekana kuwa faida, lakini si faida bado. Mawe ya mashine yanalika kila siku, na mtu asiyeweka akiba kwa ajili ya mawe mapya anakula mashine yake mwenyewe bila kujua. Reli ni vivyo hivyo. Injini, mabehewa, mataruma na madaraja huchakaa, na shirika lenye busara huweka kando kila mwaka fedha za kununulia vipya. Fedha hizi ndizo rahisi kuziacha wakati wa shida, kwa sababu reli haivunjiki siku ile ile akiba inapokosekana. Huvunjika baada ya miaka kumi au ishirini, wakuu wengine wakiwa wamekwisha kushika kazi.

Liko pia jambo la dhamana. Mwaka 1921 Serikali ya Kenya ilikopa London pauni milioni 5 kwa riba ya 6 kwa mia, na sehemu kubwa ya fedha hizo ilikwenda katika reli na bandari. Wakopeshaji hawakuangalia nauli za abiria tu. Waliangalia Serikali na uwezo wake wa kutoza kodi. Ndiyo maana mfuko wa shirika, ingawa umetengwa, umefungwa kwa Hazina kwa kamba isiyoonekana mambo yanapokwenda vizuri.

Tena, ada za reli zaweza kufanya kazi ya kodi pasipo kuitwa kodi. Katika miaka ile mahindi yaliyopelekwa ng'ambo yalitozwa ada ndogo sana, nayo yalikuwa zaidi mahindi ya walowezi wa Kizungu. Vitu vilivyotoka ng'ambo vilitozwa ada kubwa. Kwa hiyo mtu wa Nyanza aliyenunua nguo dukani alimsaidia, bila kuulizwa, mwenye shamba la Uasin Gishu kupeleka mahindi yake baharini. Hakuna karatasi ya kodi iliyoonyesha jambo hilo.

Mwaka 1948 reli za Kenya, Uganda na Tanganyika ziliunganishwa kuwa shirika moja, East African Railways and Harbours. Mwaka 1969 bandari zilitengwa na reli, makao makuu ya bandari yakawa Dar es Salaam na ya reli yakabaki Nairobi. Kisha yakaja magomvi ya fedha. Katikati ya miaka ya 1970 fedha zilizokusanywa katika nchi moja hazikufika tena makao makuu kama ilivyopasa, na mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika. Nchi tatu zilichukua mpaka mwaka 1984 kupatana jinsi ya kugawana mali na madeni yake.

Kenya ikaunda Kenya Railways mwaka 1978. Malori yakazidi barabarani, mizigo ikapungua relini, na akiba ya vitu vipya haikutosha. Mashine ya posho ikaanza kuliwa. Mwaka 2006 reli za Kenya na Uganda zilikabidhiwa kampuni ya Rift Valley Railways iziendeshe kwa miaka 25, lakini mkataba ule ulikatizwa mwaka 2017.

Mwaka huo huo reli mpya yenye njia pana ilifunguliwa kutoka Mombasa mpaka Nairobi. Kwa ajili yake Serikali ilikopa China, mwaka 2014, yapata dola za Marekani bilioni 3.2. Abiria waliipenda tangu siku ya kwanza, na safari iliyochukua usiku mzima ikawa ya saa tano hivi. Lakini katika miaka ya mwanzo mapato yake hayakutosha hata gharama za kuiendesha, sembuse kulipa deni, na Hazina ililazimika kulipa. Tena, tangu mwaka 2013 bidhaa ziingiazo nchini zilitozwa ushuru wa maendeleo ya reli, ulioanza kwa 1.5 kwa mia ya thamani yake. Mwenye duka aliyetozwa ushuru huo bandarini aliutia katika bei. Mkulima wa Turkana au wa Lamu anunuaye taa iliyotoka ng'ambo huilipia reli asiyoiona.

Hesabu za mashirika ya umma hukaguliwa kila mwaka na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu, na taarifa yake hupelekwa Bungeni, ambako wakuu wa mashirika huitwa mbele ya kamati ya wabunge kuulizwa maswali. Taarifa hizo si siri. Mwananchi azisomaye na atafute kwanza mahali palipoandikwa fedha zilizowekwa kwa vifaa vipya, kisha deni ambalo Serikali imelidhamini, ndipo aangalie faida.