Salamu za Simu na Haki ya Mgonjwa

Wameuliza baadhi ya ndugu zetu: mtu akimpelekea mgonjwa salamu kwa simu, je, amekwisha kumzuru? Suali hili si dogo. Twaona katika mitaa yetu mtu aishiye nyumba ya tatu kutoka kwa mgonjwa hutuma dua kwa WhatsApp, na akifa hutuma rambirambi kwa M-Pesa, wala hatoki mlangoni mwake.

Ama simu yenyewe hatuikatazi. Mama aliyeko Lamu na mwanawe aliyeko Maskati huungwa nayo, na hiyo ni katika kuunga udugu. Mwaka 2020, misikiti ilipofungwa kwa sababu ya korona, wazee wengi hawakuwa na liwazo jingine.

Lakini nafsi haishibi maneno matupu. Yataka uso, na mkono, na mtu wa kukaa naye kimya. Shirika la Afya Duniani lilitangaza Juni 2025 kwamba mtu 1 katika kila 6 duniani husumbuliwa na upweke, na kwamba upweke huo wahusishwa na vifo zaidi ya 871,000 kila mwaka. Na vijana, hao hao wasiobanduka simuni, ni katika waliopatikana nao zaidi.

Tazameni wenzetu wa bara. Huko Chepsaita, upande wa Eldoret, hufanywa mbio za nyika, na wakimbiaji wa nchi ile wamezoea kufanya mazoezi kwa makundi tangu alfajiri. Mtu aweza kuletewa mpango wa mazoezi kwa simu akakimbia peke yake. Lakini hutoka akakutane na wenzake, na asipotokea, huulizwa. Sisi tuna sala ya jamaa mara tano kwa siku, na aliyekosekana wiki nzima haulizwi na mtu!

Mtume (s.a.w.) alimkosa mwanamke aliyekuwa akifagia msikiti, akauliza habari zake. Akaambiwa amekwisha kufa. Hakuridhika kwamba hakuarifiwa; akataka aonyeshwe kaburi lake, akamsalia. Watu walimwona duni, lakini pengo lake lilionekana, kwani mahali pake palijulikana. Katika kundi la simu lenye watu mia mbili, anyamazaye hajulikani kama amelala, au amekasirika, au amefiwa.

Basi jawabu ni hili: salamu ya simu ni salamu, na ina thawabu yake. Kuzuru ni jambo jingine, na aliye mtaa mmoja na mgonjwa, wala hana udhuru, haki hiyo ingali juu yake mpaka aende. Wala asikae sana akamchosha, na simu yake aiache mfukoni.