Bomba la Moshi na Tuta la Barabara

Msafiri aendaye Lindi kutoka Dar es Salaam huvuka mto Rufiji kwa Daraja la Mkapa, lililofunguliwa mwaka 2003, hupita Somanga, kisha hufika njia panda ya Nangurukuru. Hapo barabara moja hushika upande wa Kilwa Masoko na nyingine huendelea kusini. Barabara kuu hiyo ni ya lami, ingawa mwezi Mei 2024 mvua za kimbunga Hidaya ziliikata eneo la Somanga. Lami yenyewe ina matuta ya kupunguza mwendo vijijini. Nje ya lami ziko njia za mashamba ya korosho na ufuta, ambazo malori yamezichimba mifereji miwili ya magurudumu na kuacha tuta refu katikati. Katika njia za namna hii, kiungo cha gari dogo la familia ambacho mara nyingi huumia mapema ni bomba la moshi, ambalo mafundi huliita ekzosi.

Kwa nini bomba likawekwa mahali pabaya hivyo? Injini iko mbele, nao moshi hauna budi kutolewa nyuma, mbali na pua za abiria. Kwa hiyo bomba hupita chini ya sakafu, pamoja na sailensa, ambayo ni nene kuliko bomba lenyewe. Mhandisi naye hupenda sakafu iwe chini ili kitovu cha uzito kiwe chini, gari lisipinduke upesi kwenye kona. Magari madogo mengi ya Tanzania yalitumika kwanza Japani, ambako kanuni huridhika na uwazi wa sentimita 9 tu kati ya gari na ardhi.

Wazee watakumbuka Volkswagen ya mgongo wa kobe. Injini yake ilikuwa nyuma, hivyo bomba lake lilikuwa fupi na halikupita kabisa chini ya tumbo la gari. Gari hilo lilishinda mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki mwaka 1962. Peugeot 404, iliyoshinda mwaka 1963 na tena kuanzia 1966 hadi 1968, ilikuwa na injini mbele, lakini ilisimama juu ya springi ndefu.

Sasa tufanye hesabu. Tuchukue gari ambalo ekseli zake mbili zimeachana mita 2.5, na uwazi chini ya bomba, katikati ya gari, ni sentimita 15. Gari linapanda tuta lenye kilele kikali na miteremko iliyo sawa pande zote mbili. Kilele kikiwa katikati ya ekseli, bomba litagusa iwapo tanjenti ya pembe ya mteremko imezidi 15 ÷ 125, yaani 0.12. Pembe hiyo ni karibu nyuzi 7.

Hilo ni gari tupu. Wapande watu 5 wenye kilo 60 kila mmoja, na mizigo ya kilo 100. Uzito ulioongezeka ni Newtoni 4,000. Tuseme kila springi moja kati ya 4 huhitaji Newtoni 20,000 ili kufupika mita 1. Kwa Kanuni ya Hooke, gari litashuka 4,000 ÷ 80,000, yaani mita 0.05. Uwazi uliobaki ni sentimita 10, tanjenti ni 0.08, na pembe imepungua hadi nyuzi 4.6. Tuta lililopitwa asubuhi bila shida litagongwa jioni, na dereva atadhani barabara imebadilika! Hesabu yetu pia ni ya upole, kwa maana mizigo hukaa zaidi nyuma, na gari lililotoka shimoni hunesa na kushuka zaidi ya hapo.

Kwa tuta la katikati ya njia ya shamba, umbali wa ekseli hauna kazi. Uwazi pekee ndio hukata shauri. Kufunga matairi yenye kipenyo kilichozidi kwa sentimita 4 huinua gari sentimita 2 tu. Kuwashusha abiria kabla ya kuvuka ni dawa bora kuliko hiyo, na haigharimu senti.

Bomba likigongwa mara kwa mara, raba zinazolining'iniza hukatika. Wengi hulifunga kwa waya. Waya hauna mnyumbuko wa raba, hivyo mtikisiko wote wa injini huhamia kwenye maungio, nayo hupasuka. Kutu nayo husaidia uharibifu: nje kuna hewa ya chumvi ya pwani, na ndani kuna maji, kwa kuwa lita 1 ya petroli ikiungua hutoa takriban lita 1 ya maji.

Ufa wa bomba si suala la kelele tu. Moshi wa petroli una kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, ambayo hushikamana na hemoglobini ya damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Ufa ukiwa chini ya sakafu, gesi hupenya kwenye matundu ya kutu na kuwafikia watu wa kiti cha nyuma, mara nyingi watoto waliolala. Kichwa huuma, kichefuchefu huja, usingizi huzidi. Watu husema ni uchovu wa safari au malaria inaanza. Vioo vikifungwa kwa sababu ya mvua, hatari huongezeka. Kusafiri na buti wazi kwa ajili ya godoro ni hatari vilevile, hata bomba likiwa zima, kwa sababu nyuma ya gari liendalo kanieneo ya hewa hupungua na moshi huvutwa ndani. Mtu aliyepatwa na dalili hizo atolewe garini mara moja, apate hewa safi na kupelekwa hospitali.

Jaribio: Pimeni gari la shule au la mwalimu likiwa tupu, kisha likiwa na wanafunzi 4, injini ikiwa imezimwa. Andikeni umbali wa ekseli na uwazi chini ya bomba katika hali zote mbili. Tafuteni pembe kubwa ya tuta ambayo gari hilo laweza kuvuka, kisha pimeni tuta lililo karibu na shule na mlinganishe.